Hao Tembo Wenu ni Wangapi?

Mwaka wangu wa kwanza katika kazi ya uratibu wa utafiti nilishuka kijijini na projekta, jenereta ya kukodi na slaidi 22. Kijiji chenyewe kipo upande wa mashariki wa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kule kwenye tambarare za mpunga ambako ukitoka Iringa mjini unafika vumbi limekuingia hadi kwenye kope. Mkutano wa hadhara uliitishwa saa nne asubuhi. Saa nne tulikuwepo mimi, dereva, mwenyekiti wa kijiji na mbuzi watatu. Ilipofika saa sita na nusu darasa lilikuwa limefurika, watoto wananing'inia madirishani.

Slaidi ya tatu ilikuwa chati. Nguzo za kijani, kila nguzo na mwaka wake, urefu wake ndiyo idadi ya tembo. Niliipenda sana ile chati. Nilikuwa nimehangaika na rangi zake siku mbili nzima. Bibi mmoja aliyekaa chini mbele kabisa, kanga moja kiunoni na nyingine kichwani, akanyoosha mkono.

"Mjukuu wangu, hayo magogo ni ya nini?"

Nikamweleza kwamba si magogo, ni idadi ya tembo mwaka hadi mwaka.

"Gogo moja lina tembo wangapi?"

"Hilo refu, bibi, ni kama elfu ishirini."

Akalitazama kwa muda. Kisha akawageukia wenzake. "Ndiyo maana. Nilisema mimi, wale waliokula mpunga wangu hawakuwa wanne."

Darasa zima likaangua kicheko, na jenereta nayo ikaona hapo ndipo pa kuzimika. Dereva alivuta kamba hadi jasho likamtoka, wapi. Katika ule ukimya mzee mmoja akasema kutoka nyuma, kwa upole wa mtu anayemsaidia mgeni aliyepotea njia: "Binti, achana na mashine. Tuambie kwa mdomo tu. Hao tembo wenu ni wangapi?"

Nilijibu. Nilisema mambo ya "inakadiriwa", "kwa mujibu wa" na "kwa kuzingatia". Nilipomaliza, mzee akashukuru, watu wakapiga makofi ya adabu, na mtu mmoja akauliza kama kuna posho ya kikao. Hakuna aliyekuwa ameelewa chochote, na kosa halikuwa lao.

Usiku ule sikuhangaishwa sana na neno "wangapi". Lililonikaa ni "wenu". Simba wenu, fisi wenu, tembo wenu. Mwanzoni nilikuwa nasahihisha: jamani, wanyama ni wetu sote, ni urithi wa taifa. Siku hizi sisahihishi. Mtu akikamatwa na mguu wa swala nyumbani, kosa linaloandikwa ni kupatikana na nyara za serikali. Mnyama akifa ni nyara ya serikali, sasa akiwa hai anakula mpunga wa bibi ni wa nani? Yule mzee alikuwa ameisoma sheria vizuri kuliko mimi niliyeisomea Morogoro.

Mratibu wa utafiti, kwa wasiojua, ni mtu wa makaratasi na dizeli. Kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, kibali cha TAWIRI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa mtendaji wa kata, nakala kwa mtendaji wa kijiji, kitabu cha wageni kila ofisi. Betri za kamera, matairi, wali wa mchana wa watu kumi. Watafiti wenyewe, Watanzania na wageni, wanakuja na maswali yao, wanakaa miezi, wanaondoka na takwimu. Anayebaki ni mratibu, na yeye ndiye anayekutana na watu gulioni. Kwenye bajeti nyingi nilizowahi kuzipitia, mstari wa mwisho kabisa unaitwa "mrejesho kwa jamii", na pesa ikipungua ndio mstari wa kwanza kukatwa. Kuna baba mmoja aliwahi kuniambia ameshajaza madodoso sita katika maisha yake, kuhusu fisi, kuhusu maji, kuhusu vyandarua, na hajawahi kuambiwa majibu ya hata moja. "Mimi ni kama kisima," alisema. "Kila mtu anachota."

Neno lenyewe utafiti lina mzigo. Huku ukisema utafiti, wa kwanza anadhani madini. Wa pili anadhani mipaka, na huyo wa pili ana sababu zake. Mwaka 2008 pori la akiba la Usangu liliunganishwa na Ruaha, hifadhi ikawa na zaidi ya kilomita za mraba 20,000, na wafugaji walikuwa wameshaondolewa kwenye ardhi oevu ya Ihefu kabla ya hapo. Watu hawajasahau. Kwa hiyo kijana wangu wa takwimu akisimama shambani na kifaa cha GPS mkononi, anachukua tu mahali kinyesi cha tembo kilipo, anayemwona toka mbali anaona kigingi kesho kutwa. Tuliwahi kukimbizwa kwa mapanga kwa sababu hiyo. Nasema tulikimbizwa, ila ukweli mimi nilikuwa kwenye gari.

Halafu kuna mikanda ya shingoni, inayotuma kwa setilaiti mahali tembo alipo. Kwenye taarifa za serikali inaitwa visukuma mawimbi, jina ambalo nadhani limechangia nusu ya matatizo yangu. Mtu akisikia tembo amefungwa kisukuma mawimbi shingoni, anaelewa kwamba kuna mawimbi yanamsukuma tembo. Na kama yanamsukuma, basi yupo anayesukuma. Kijiji kimoja waliniuliza waziwazi: ile rimoti anakaa nayo nani? Kwa sababu siku ile tembo waliingia mashamba ya upande mmoja tu wa barabara, na mtaa wa mwenyekiti haukuguswa.

Nilijaribu kueleza setilaiti, nikaona macho yanazima. Safari iliyofuata nilikwenda na mkanda wenyewe, uliokuwa umeisha betri na kukatwa shingoni mwa tembo jike. Nikauweka mezani. Watu waliuzunguka. Unanuka, kwanza, harufu ya jasho la mnyama na tope lililokaukia kwenye mishono, na umekwanguka upande ambao tembo alikuwa akijisugua kwenye mibuyu. Mama mmoja akauvaa begani kama mkoba, watu wakacheka. Fundi simu wa pale senta akaomba afungue kiboksi, nikamruhusu. Akatazama ndani, akasema kwa sauti ya mtu anayetoa hukumu: "Hii ni simu isiyopokea. Inatuma tu. Kama kubipu." Kazi ikaisha. Mpaka leo pale kijijini mkanda wa tembo unaitwa kibipu, na sijasikia tena habari za rimoti. Ningekaa mwaka mzima nisingelipata neno hilo.

Kamera za kutega zilinipa somo lingine, hili chungu kidogo. Unafunga kamera kwenye mti, kimo cha goti, inapiga picha kila kinachopita chenye joto. Tulikuwa tunatafuta chui. Tulipata chui, nyegere, na fisi mmoja aliyejipiga picha kumi na nne akinusa lenzi. Na usiku mmoja, saa tisa na dakika kadhaa, tukapata mtu na baiskeli, na juu ya baiskeli mzigo uliofunikwa. Nilimfahamu. Wiki iliyopita alikuwa ametusaidia kusukuma gari mchangani.

Nilikaa na ile picha usiku mzima. Haikuwa ya utafiti, kwa sababu hatukumwomba. Na mimi siyo askari. Lakini kabla sijaamua lolote habari ilishafika kijijini, sijui kwa mdomo wa nani, kwamba zile kamera ni za kukamatia watu. Siku nne baadaye kamera mbili hazikuwepo, na ya tatu tuliikuta imepasuliwa kwa shoka. Tukaanza upya. Sasa kadi zinafunguliwa ofisi ya kijiji, mbele ya watu watatu waliochaguliwa na kijiji wenyewe, na kila picha ya binadamu inafutwa hapo hapo kabla ya kitu kingine. Inachosha. Siku nyingine wanafuta picha za watoto waliokwenda kukata kuni wakabaki kupiga pozi mbele ya kamera, zaidi ya mia. Lakini kamera hazijaibwa tena, na wale watatu sasa wanamtambua bweha gizani kuliko wanafunzi wangu wa shahada.

Kuhusu kutambua, wacha nipitie pembeni kidogo. Dodoso letu la kwanza lilikuwa na swali, "Umewahi kuona duma?" Nusu ya kijiji waliwahi. Shida ni kwamba kwa wengi huku kila chenye madoa ni chui, na ukimtajia duma anakubali asikuvunje moyo. Tukaanza kutumia picha, na katikati ya picha tukachomeka chui milia wa Asia, ambaye hajawahi kukanyaga pori la Afrika. Ni mbinu ya kawaida, inakusaidia kujua nani anajibu alichokiona na nani anajibu kwa ukarimu. Bibi yuleyule wa magogo alimwonyesha kwa kidole: "Huyu alipita juzi kwenye mto." Nilivunjika moyo. Mzee mmoja wa Kibarbaig yeye aliikataa ile picha papo hapo, kisha akaniuliza kwa nini nawatega watu. Sikuwa na jibu zuri.

Mzee huyo ndiye aliyenifundisha habari ya kuhesabu. Nilimuuliza ana ng'ombe wangapi, swali la kijinga, mfugaji haulizwi hivyo. Akacheka. Akasema yeye hahesabu. Jioni ng'ombe wakiingia zizini anatazama tu, na akikosekana mmoja anajua ni nani: yule mwenye baka jeupe ubavuni, au yule wa pembe iliyovunjika. Haoni namba, anaona pengo. Nikamwambia kuna watafiti wanafanya vivyo hivyo. Utafiti wa simba Serengeti, ambao ulianza mwaka 1966, umejengwa juu ya kumjua kila simba mmoja mmoja, na tangu 1970 imejulikana kwamba nukta za kwenye mizizi ya masharubu ya simba hazifanani kati ya mmoja na mwingine. Tembo unamjua kwa sikio, kila pasuko na kila tundu. Twiga kwa mabaka. Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hao wana akili," akasema. "Sasa nyie mbona mnahesabu kwa ndege?"

Nikarudi palepale pa mwaka wa kwanza. Wangapi?

Niwaeleze jinsi tembo wanavyohesabiwa, halafu niwaeleze nilivyoshindwa kueleza. Kiangazi, miti ikiwa imepukutisha majani, ndege ndogo inaruka kama mita mia moja juu ya ardhi kwa mistari iliyonyooka, mstari hadi mstari kilomita kadhaa. Kwenye nguzo za mabawa kumefungwa fito mbili kila upande. Mhesabuji aliyekaa nyuma anahesabu tembo wanaopita katikati ya zile fito tu. Wa nje ya fito, hata kama ni kundi la mia moja, hawahusiani. Mwisho unajua ulichokiona kwenye vipande ulivyovipitia, na unakadiria eneo zima. Huwezi kumhesabu kila tembo katika mfumo wa Ruaha na Rungwa, pori la akiba linalopakana nayo. Ni nchi kubwa mno.

Sasa namba zenyewe. Mwaka 2013 hesabu ya Ruaha na Rungwa ilitoa tembo 20,090. Mwaka uliofuata, 2014, ikatoa 8,272. Kishindo chake kilikuwa kikubwa: kwa mwaka mmoja tembo elfu kumi na mbili hawapo? Mwaka 2015 wakarudia, ikaja 15,836. Wakati huohuo takwimu za taifa zilikuwa zinaonyesha kwamba nchi nzima tembo wameshuka kutoka 109,051 mwaka 2009 hadi 43,330 mwaka 2014, kwa hiyo huwezi kusema ujangili ulikuwa hadithi. Haukuwa hadithi. Watu wa vijiji hivi walisikia milio ya bunduki usiku. Lakini pia huwezi kusema tembo elfu saba walizaliwa kati ya 2014 na 2015, maana tembo hubeba mimba karibu miaka miwili.

Mwenyekiti wa mkutano mmoja alinibana hapo hapo. "Dada, sisi mwaka 2022 tulihesabiwa mlango kwa mlango, mpaka aliyelala gesti kahesabiwa. Tukaambiwa tupo 61,741,120. Hakuna aliyeambiwa tupo kati ya milioni arobaini na milioni themanini. Nyie tembo leo elfu ishirini, kesho nane, kesho kutwa kumi na tano. Mnatudanganya au hamjui?"

Sikuwa na slaidi siku hiyo, nashukuru. Nilikuwa na wiki moja kabla ya kurudi. Nikaazima turubai la kuanikia mpunga na kamba za katani, nikanunua sahani ya mahindi.

Tulilitandaza turubai chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji. Nikasema hii ndiyo Ruaha. Punje 300 za mahindi ndio tembo, watoto wa darasa la sita wamezihesabu mara mbili mbele ya kila mtu. Nikatandaza kamba ili zitengeneze vichochoro vyembamba, vyote pamoja sehemu moja ya kumi ya turubai. Nikamwaga punje zikaenea. Watoto wakahesabu zilizoangukia kwenye vichochoro: 28. Mara kumi, 280. Tukazoa, tukamwaga tena: 33, kwa hiyo 330. Watu wakaguna kwa heshima. Si mbaya. Nikajiona nimeweza.

Kijana mmoja wa ulinzi wa mashamba, wale wanaokesha na tochi na honi, akasema, "Samahani dada. Tembo hawatembei hivyo."

"Vipi?"

"Umewatawanya kama kuku. Tembo wanatembea kwa familia. Wanakaa palipo na maji, na kiangazi maji yapo sehemu mbili tatu tu."

Alikuwa sahihi. Mto Ruaha Mkuu, tangu 1993, hukauka vipande vipande kila kiangazi, na tembo hujikusanya kwenye madimbwi au huchimba mchanga kwa miguu. Nilijua hayo yote, niliyaandika kwenye ripoti, na bado nilimwaga mahindi kama mtu anayelisha kuku. Nikampa sahani. Akachukua punje kwa mafungu, fungu hapa, fungu pale, mengine mawili yameachana kwa mkono mmoja, na sehemu kubwa ya turubai ikabaki tupu. Watoto wakahesabu vichochoro. Tisa. Mara kumi: 90.

Kimya.

Akazoa, akapanga mafungu upya, bila kutazama kamba. Safari hii fungu moja kubwa likaangukia kichochoroni. 61. Mara kumi: 610.

"Lakini punje ni 300," akasema mtoto mmoja kwa uchungu wa kweli.

Hakuna semina niliyowahi kuhudhuria iliyonifikishia jambo hilo kama yule mtoto. Punje ni zilezile, turubai ni lilelile, aliyehesabu hakudanganya. Tukarudia mara kumi na kitu, kila mara mtu mwingine akipanga mafungu, mtendaji akiandika ubaoni kwa chaki. Namba ziliruka huku na huku, lakini nyingi zilikuwa zinazunguka mia tatu. Ndipo nikaandika pembeni: 20,090, 8,272, 15,836, na nikasema ukweli wangu wote: kila moja ya hizo ina nafasi ya kupanda na kushuka kwa maelfu. Mimi siamini kwamba elfu kumi na mbili walikufa mwaka mmoja. Siamini pia kwamba hawakufa wengi. Naamini walipungua sana, na naamini ile 8,272 ilikuwa fungu lililoangukia nje ya kamba.

"Kwa hiyo hamjui," akasema mwenyekiti.

"Tunajua si elfu mbili. Tunajua si elfu arobaini. Kati ya hapo ndiyo kazi yetu."

Akafikiri. "Hilo ungelisema mapema, tungekuelewa mapema."

Baada ya hapo mkutano ukahamia mahali ambapo mikutano yote ya tembo huhamia: kifuta jasho, pesa ambayo serikali humpa aliyeharibiwa mazao na wanyamapori. Sitalimaliza hili hapa, ila ni lazima niliseme. Kanuni za mwaka 2011 zinaitwa za kifuta jasho na kifuta machozi, na jina limechaguliwa kwa makusudi. Fidia ni kurudishiwa ulichopoteza. Kifuta jasho ni kitambaa. Mtu aliyeharibiwa na tembo ekari tatu usiku mmoja anajaza fomu, anasubiri afisa aje apime, na wakati anasubiri watoto wanakula nini? Mimi sina fomu hizo, wala siwezi kuharakisha malipo, na kila ninapoeleza hivyo naona mtu ananiweka kwenye kundi la wanaokwepa. Nimejifunza kwenda na afisa wanyamapori wa wilaya kila akipatikana, hata kama anachukua saa nzima ya mkutano wangu. Kumweleza mtu mwenendo wa tembo wakati hujamsikiliza habari ya ekari zake ni kumsomea gazeti mgonjwa wa jino.

Katika yote niliyowahi kueleza, ni jambo moja tu lililosafiri lenyewe bila mimi, na wala halikutoka kwenye utafiti wetu. Nilialikwa redioni, kipindi cha kupiga simu, na mpigaji mmoja mwenye ndugu Lindi akauliza habari za simba wala watu. Nikasema ninayoyajua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulihesabu watu zaidi ya 563 waliouawa na simba nchini tangu 1990, wengi kusini mashariki. Ulionyesha pia kitu ambacho wakulima wa kule wanakijua kwa mwili: pale swala na pundamilia wamekwisha, simba hufuata nguruwe pori, nguruwe pori hufuata mahindi, na mkulima amelala kwenye dungu katikati ya mahindi akimfukuza nguruwe. Kisha utafiti mwingine, wa 2011, ukatazama mwezi. Siku za hatari zaidi ni zile zinazofuata mwezi mpevu. Jioni inakuwa na giza kabla mwezi haujachomoza, simba hawakushiba vizuri kwenye usiku wa mbalamwezi, na watu bado wako nje, mashambulizi mengi yakiwa kabla ya saa nne usiku.

Simu zilifurika. Wiki mbili baadaye niliambiwa habari hiyo na muuza nyanya, akinieleza kama siri aliyoipata mahali. Mwezi ukishapevuka, dada, rudi nyumbani mapema. Ilikwenda kwa kasi kwa sababu kila mtu ana mwezi, hakuna anayehitaji chati. Ilikwenda hadi ikapotoka: baada ya miezi michache ilikuwa inasemwa kwa fisi, kwa mamba, mpaka kwa tembo. Nikarudi redioni kusema jamani, ni simba tu, na ni kule kusini ndiko ilikopimwa. Marekebisho hayo hayakusafiri hata hadi kituo cha basi.

Ninayo namba ya yule bibi wa magogo kwenye simu, na yeye anayo yangu. Nimeihifadhi kama "Bibi Magogo", na kwa bahati nzuri hajui. Mwezi wa tano uliopita, mpunga ukiwa umeiva, simu ikaita saa tano usiku.

"Kamwene, mjukuu wangu. Tembo wenu wako kwangu."

Nikamwambia asitoke nje, nikampigia kijana wa ulinzi wa mashamba kwa simu ya pili, akasema wanakuja na tochi, wako kona ya mfereji. Nikarudi kwa bibi. Alikuwa ananong'ona. Nilisikia nyuma yake mpunga ukikatika, ile sauti kama mtu anararua nguo pole pole.

"Andika," akasema. "Ni saba. Na kitoto. Nimewahesabu mwenyewe, si kwa kamba."

"Bibi, kitoto kimo ndani ya hao saba, au ni saba halafu kitoto?"

Akanyamaza. Nikasikia mlango wa bati ukilia kidogo.

"Mwezi haujatoka," akasema. "Subiri."